Kabla ya kuuliza satelaiti yetu lini, tuulize nani anasimamia masafa yetu angani

Binti_Mawenzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nasoma uhandisi wa vyombo vya anga, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja huku Marekani. Kila satelaiti ya jirani inaporushwa naona nyuzi za aina moja humu: Rwanda wameshapeleka, Uganda wameshapeleka, Kenya wameshapeleka, sisi lini? Uchungu huo naujua, hata mimi ninao. Ila kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunahesabu kitu kisichotuambia mengi. Nchi inaweza kuwa na satelaiti tatu na bado ikabaki mgeni angani. Haki ya kutumia anga hupatikana au hupotea mapema zaidi, mezani, kwenye makaratasi ya masafa ya redio, na huko hatuangalii.

Sheria mama ni Mkataba wa Anga za Juu wa 1967. Ibara yake ya kwanza inasema anga zitumike kwa manufaa ya nchi zote, bila kujali kiwango chao cha uchumi au sayansi. Ya pili inakataza taifa lolote kujimilikisha anga, mwezi au sayari. Ukisoma hizo mbili unaweza kudhani kesi imeisha. Lakini satelaiti haiendeshwi na ibara, inaendeshwa na mawimbi ya redio. Isipokuwa na masafa yanayolindwa haiwezi kupokea amri wala kutuma picha bila kuhofia kuvurugwa na nyingine. Na masafa yanasimamiwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano lililoko Geneva, ambako kanuni iliyotawala kwa muda mrefu ni hii: aliyetangulia kuomba ndiye analindwa, na anayekuja nyuma lazima akubaliane na waliomtangulia kwamba hatawaingilia.

Ni kama kwenda kisimani. Kisima ni cha kijiji kizima na hakuna anayebisha. Lakini aliyefika saa kumi alfajiri na ndoo hamsini ameshapanga mstari, na wewe uliyefika saa mbili unaambiwa kwa upole kabisa kwamba haki yako ipo, subiri.

Hakuna mahali pameonyesha hili kama obiti, yaani njia ya satelaiti kuzunguka Dunia, iliyo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ukiiweka satelaiti pale inazunguka sambamba na Dunia, ndiyo maana dishi la king'amuzi chako ukilifunga mara moja halihitaji kugeuzwa tena. Duara hilo ni moja tu. Mwaka 1976 nchi za ikweta zilikutana Bogotá, Kolombia. Kenya, Uganda na Zaire zilikuwemo, zikatangaza kwamba kipande cha obiti kilicho juu ya ardhi yao ni mali yao. Mataifa yenye roketi yalikataa, na kwa maandishi ya mkataba wa 1967 yalikuwa na hoja. Vitabu vingi ninavyosomeshwa vinapita hapo haraka, aya moja, kana kwamba wale waliota ndoto.

Mimi naliona tofauti. Kelele za nchi zinazoendelea miaka ile zilizaa kitu. Mwaka 1988 ITU ilipitisha mpango wa kutenga kila nchi mwanachama angalau nafasi moja kwenye obiti ile pamoja na masafa yake, hata kama haina satelaiti wala mpango wa kuwa nayo. Na katiba ya ITU inatambua kwamba masafa na obiti ni rasilimali zenye kikomo, zigawiwe kwa haki, mahitaji ya nchi zinazoendelea yakizingatiwa. Kwa hiyo Tanzania ina nafasi angani. Iko kwenye jedwali. Nani kati yetu amewahi kusikia mbunge akiiulizia?

Tazameni Tonga, visiwa vidogo Pasifiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliisoma kanuni ya foleni vizuri kuliko wakubwa, wakaomba nafasi 16 kwenye obiti ile ile. Wakubwa walilalamika sana. Mwisho Tonga ikapata chache kati ya hizo na ikaanza kuzikodisha. Naomba msiishie kushangilia, kwa sababu biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya binti wa mfalme. Haki kati ya mataifa na haki ndani ya taifa ni mambo mawili, na la kwanza halileti la pili lenyewe.

Sasa vita vimeshuka chini, kwenye obiti za kilomita mia tano na kidogo. Huko hakuna mpango wa kutengewa, ni foleni tupu. Starlink, kundi la satelaiti za intaneti la kampuni ya SpaceX, peke yake ina zaidi ya nusu ya satelaiti zote zinazofanya kazi leo. Na mwaka 2021 Rwanda ilipeleka ITU maombi ya kundi la satelaiti 327,320. Watu walicheka. Mimi nilisoma kwa makini sana, kwa sababu kampuni haiwezi kupeleka maombi ITU, lazima ipitie serikali ya nchi fulani. Rwanda iliona kwamba hata asiye na roketi ana kalamu. Kama ile idadi ina busara ni mjadala mwingine, na binafsi naiona ni hatari kwa msongamano wa obiti. Lakini walijua mlango uko wapi.

La mwisho ni elimu yenyewe. Mwaka jana nilikwenda kwenye maonyesho ya ajira chuoni. Nikafika kwenye meza ya kampuni ya roketi, nikampa dada aliyekuwa pale wasifu wangu. Aliusoma wote, akauliza kuhusu injini ndogo tuliyoifanyia majaribio, akaonekana kufurahi. Kisha akauliza kama nina uraia au kadi ya kijani. Nikasema sina. Akanirudishia karatasi, akaniomba radhi, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Hakunikosea yeye. Kuna sheria inaitwa ITAR, inahesabu roketi na ujuzi wake kama silaha, na kumwonyesha mgeni mchoro, hata akiwa ndani ya Marekani, ni sawa na kuusafirisha nje. Satelaiti nazo zilihamishiwa kwenye orodha ya silaha mwaka 1999; nyingi zililegezewa 2014, roketi hapana. Sababu ninaielewa, roketi ya kupeleka satelaiti na kombora ni ndugu wa damu. Ila matokeo yake ni kwamba mtoto wa Moshi anaweza kufaulu kila somo la injini na bado asiruhusiwe kuigusa.

Kinachotuokoa ni kwamba utafiti wa vyuo unaochapishwa wazi hauguswi na sheria hiyo. Ndiyo maana mimi nimeamua kuhamia upande wa masafa na mawasiliano ya satelaiti. Huko milango haijafungwa, na huko ndiko naona tumeachwa zaidi.

Karibuni tujadili.

Chapakazi

Dada hongera kwa kusoma, umeandika vizuri. Lakini tuambiane ukweli. Huku kwetu shule ina darasa moja madirisha hayana vioo, zahanati dawa hakuna. Unataka serikali ipeleke watu Geneva wakajadili kilomita elfu thelathini? Wakirudi watatuambia wametumia posho kiasi gani? Anga tuwaachie wenye nazo, sisi tupande mahindi.

Binti_Mawenzi

Chapakazi, umeuliza swali la msingi, nakujibu kwa mahindi na ng'ombe.

Mwaka 2010 ilianzishwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bima ya mifugo isiyohitaji mtu kwenda kuhesabu mizoga. Satelaiti inapima ukijani wa malisho. Kijani kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa kwa eneo lile, mfugaji analipwa. Ukame wa 2011 ulipokuja, watu walilipwa kweli. Serikali ya Kenya ikauchukua mfumo ule mwaka 2015, ikaanza na Turkana na Wajir. Mfugaji wa Turkana hana habari na obiti, lakini obiti inaamua kama watoto wake watakula.

Sasa uliza: ule ukijani unapimwa na satelaiti ya nani? Ya Wamarekani. Tunapata vipimo bure kwa sababu wao wameamua viwe bure. Picha za Landsat, satelaiti nyingine za Wamarekani, ziliuzwa mamia ya dola kila moja mpaka 2008, ndipo zikafunguliwa kwa wote. Uamuzi mzuri sana, umebadilisha sayansi ya Afrika kuliko misaada mingi ninayoijua. Lakini ni uamuzi wa mtu mwingine, na mwenye kuufanya anaweza kuufuta. Sijengi hoja ya kushindana na madarasa. Nasema tayari tunakula kwa anga, na hatuna kiti mezani.

Kuhusu posho, wewe na mimi tuko upande mmoja. Mtu akienda Geneva arudi na ripoti isomwe hadharani.

Fundi_Mnara

Nakazia mleta uzi. Nimefanya kazi za masafa muda mrefu, sasa nimeshastaafu, kwa hiyo naweza kusema kidogo.

Watu wanadhani haki ya anga inapotea kwenye mikutano mikubwa yenye bendera. Hapana. Inapotea kwenye waraka. Kila baada ya wiki mbili ITU hutoa waraka wenye maombi mapya ya satelaiti kutoka duniani kote: nafasi, masafa, nguvu ya mawimbi, eneo litakalofunikwa. Nchi inayoona itaingiliwa ina miezi minne ya kupinga. Ukinyamaza, kwenye mipango mingi unahesabiwa umeridhia.

Kuusoma waraka ule siyo kufungua barua. Unahitaji programu ya kukokotoa mwingiliano, kompyuta yenye nguvu, na mtu aliyekaa na kazi hiyo miaka. Nchi kubwa wana idara nzima. Kwetu Afrika nchi nyingi zina mtu mmoja, na mtu huyo huyo ndiye anayeitwa redio ya wilayani ikiingiliana na simu za polisi. Akiugua mwezi mmoja, miezi minne inabaki mitatu. Akihamishwa idara, kila kitu kinaanza upya.

Ndivyo nafasi zetu za matangazo ya satelaiti zilivyoharibika. Hakuna aliyezipora. Jirani mmoja anaomba kitu kidogo, hupingi. Mwingine anaomba, hupingi. Baada ya miaka ishirini nafasi yako bado imeandikwa jina lako, lakini imezingirwa na mawimbi ya wengine hata huwezi kumshawishi mwekezaji aweke satelaiti pale. Bahati nzuri kwenye mkutano wa masafa wa dunia uliofanyika Sharm el-Sheikh mwaka 2019, nchi zilizoharibikiwa hivyo zilipewa dirisha maalumu la kuomba upya, na Afrika tulijitokeza kwa wingi, kwa pamoja, kwa sauti moja. Ule ulikuwa ushindi mkubwa na magazeti hayakuandika hata mstari.

Binti, endelea na njia hiyo. Tunakuhitaji.

Binti_Mawenzi

Shikamoo mzee Fundi. Hicho cha miezi minne ndicho nilitaka kila mtu akisome. Naomba watu wasikipite.

Nyongeza kidogo kwa wasomaji: ukishaomba, una miaka 7 ya kuweka chombo angani na kuanza kutumia masafa, la sivyo haki yako inakufa. Makampuni ya makundi makubwa ya satelaiti yaliitumia nafasi hiyo kuomba maelfu kwa maelfu kisha kurusha moja na kudai yote. Mkutano ule ule wa 2019 ukabana: baada ya ile miaka saba, asilimia 10 ya satelaiti ziwe angani ndani ya miaka 2, asilimia 50 ndani ya 5, zote ndani ya 7. Kwa hiyo kanuni hubadilika. Wanaozibadilisha ni waliopo ukumbini.

Ngomeni_Kwetu

Assalam aleikum. Mimi ni wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mumesema mengi juu ya Geneva, lakini mumesahau kwamba roketi zilirushwa hapa kwetu, baharini, mbele ya macho ya wazee wetu. Yale majukwaa ya Mtaliano, San Marco na Santa Rita, yangalipo. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Akitueleza walivyokatazwa kupita na mashua siku ya kurusha, na mwanga ulivyopanda. Leo vijana wa hapa wanavua samaki na kufanya kazi za chumvi, na hakuna aliyesomeshwa uhandisi kwa sababu ya kuzaliwa karibu na kituo. Mleta mada, utuambie: je, ikweta si mali yetu? Nasikia roketi ikirushwa hapa inapata nguvu zaidi.

Binti_Mawenzi

Waaleikum salaam. Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kulileta hili, kwa sababu Ngomeni ingestahili uzi wake wenyewe.

Kwa wasiojua: Waitaliano chini ya Luigi Broglio walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco kuanzia 1967 mpaka 1988, kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka pale satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kutazama mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wakaipa jina la Uhuru. Ramani yake ya vyanzo vya mionzi ile ilifungua tawi zima la sayansi, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel mwaka 2002. Haya yote yalipanda kutoka Ungwana Bay.

Kuhusu ikweta, tuende taratibu maana hapa watu wengi wanachanganya.

Dunia inazunguka, na mtu aliyesimama ikweta anasukumwa kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde bila kujijua. Kituo chenu kiko karibu nyuzi 3 kusini, kwa hiyo mnapata karibu yote. Cape Canaveral, Florida, iko nyuzi 28.5 kaskazini, inapata 409. Tofauti ni mita 56 tu kwa sekunde, na roketi inahitaji zaidi ya mita 9,000 kufika obiti ya chini. Hapo faida ni ndogo.

Faida kubwa iko kwenye ile obiti ya ikweta ya mbali. Chombo kilichorushwa Florida kinafika juu kikiwa kimepinda nyuzi 28.5, lazima kichome mafuta kujinyoosha. Kutoka kwenu karibu hakuna cha kunyoosha. Nimepiga hesabu kwa satelaiti ya kilo 3,000 yenye injini ya kawaida ya kemikali: ikitokea Florida inafika mahali pake na kilo 1,670 hivi, ikitokea ikweta inafika na kilo 1,870. Kilo mia mbili zaidi ni mafuta ya miaka kadhaa ya kazi. Ndiyo sababu Wafaransa walijenga Kourou, Guyana ya Kifaransa, nyuzi 5 tu kutoka ikweta.

Lakini satelaiti za kupiga picha za Dunia, zile za kilimo na mafuriko, hazitaki ikweta kabisa. Zinapita karibu na ncha za Dunia ili kila sehemu ipigwe picha saa ile ile ya mchana, na kwa hizo ule msukumo wa mashariki ni kikwazo kidogo. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilitoka Vandenberg, California, kwa sababu hiyo. Kwa hiyo, mzee, ikweta ni mali, ila siyo mali ya kila kitu.

Uliposema hakuna aliyesomeshwa ndipo penye jeraha. Roketi ziliacha kuruka 1988 lakini kituo hakikufa: antena zake bado zinafuatilia roketi za Ulaya zikipita, na darubini ya Swift ya NASA, iliyorushwa 2004, imekuwa ikiteremsha data zake hapo hapo kwenu. Makubaliano mapya kati ya Kenya na Italia yalitiwa saini 2016, na ndani yake mna mafunzo na kupata data. Sasa swali la kuwauliza viongozi wenu, kwa maandishi, ni vijana wangapi wa Ngomeni na Gongoni wamefundishwa kuendesha antena zile. Hilo ni swali la haki ya anga kuliko lile la satelaiti ngapi.

Ngomeni_Kwetu

Marahaba mwanangu. Swali hilo tutaliuliza, kwa maandishi kama usemavyo.

Kikoi_na_Kibarua

Mimi niko Makueni. Mbona hamjataja lile duara la chuma lililoanguka Mukuku tarehe 30 Desemba 2024? Upana wa kama mita mbili na nusu, kilo 500. Faida wanapata wao, vyuma vinatuangukia sisi. Nani analipa likiangukia nyumba ya mtu?

Binti_Mawenzi

Upo Mkataba wa Dhima wa 1972: nchi iliyorusha inalipa madhara yanayotokea ardhini, hata kama haikuzembea. Sheria iko upande wako kabisa. Ugumu ni kuthibitisha chuma ni cha nani. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema lile lilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Lakini kusema ni roketi ipi, ya mwaka gani, ya nchi gani, unahitaji kumbukumbu za rada zilizofuatilia kipande kile kikishuka, na kumbukumbu hizo ziko kwa wale wale warushaji. Tunarudi kule kule: aliye na antena ndiye mwenye ushahidi. Afrika Mashariki ikijenga hata kituo kimoja cha pamoja cha kufuatilia vyombo vya angani, mtu wa Mukuku atakuwa na pa kuanzia.

Kadogoo_PCM

Shikamoo dada, shikamooni wakubwa wote. Mimi nipo kidato cha tano, PCM, Tabora. Nimesoma uzi wote. Shuleni hatuna hata maabara nzuri ya fizikia. Nataka kufanya kazi kama yako. Naanzia wapi wakati sina hela?

Binti_Mawenzi

Marahaba mdogo wangu. Hisabati na fizikia usiziache, hilo unalijua. Njia za baadaye zipo kuliko unavyodhani. Chuo cha Kyutech, Japani, kimefundisha wahandisi wa Ghana, Nigeria, Uganda, Zimbabwe na wengine kujenga satelaiti za nchi zao kwa mikono yao. PearlAfricaSat-1 ya Uganda ilitoka huko 2022. Kuna ufadhili wa masomo ya juu kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Japani kwenye chuo hicho hicho, ukishamaliza digrii utauomba. Na kuna KiboCUBE, ambako Japani inakusafirishia satelaiti ndogo bure hadi kituo cha kimataifa cha anga na kuiachia kutoka hapo. Chuo Kikuu cha Nairobi walipita njia hiyo mwaka 2018 na 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande.

Ila hujauliza ya baadaye, umeuliza uanzie wapi. Anza kwa kupokea.

Tafuta kifaa kidogo cha kupokea redio kinachochomekwa kwenye kompyuta kama flashi, kinaitwa SDR. Hicho na kebo ndivyo pekee vya kununua, na mnaweza kuchangishana na wenzako au kumwomba mwalimu. Antena utatengeneza mwenyewe: chukua fito mbili za alumini au waya mgumu wa shaba, kila mmoja sentimita 53.4. Ziunge kwenye kebo ya antena ya TV, mmoja kwenye waya wa ndani, mwingine kwenye wavu wa nje, zisigusane. Zilaze bapa zifanye umbo la V lenye nyuzi 120, uzifunge kwenye kipande cha mbao, mdomo wa V uelekee kaskazini au kusini. Iweke mahali pasipo na mabati juu wala ukutani.

Satelaiti za hali ya hewa za Kirusi, Meteor-M N2-3 na N2-4, zinatuma picha kwenye masafa ya 137.1 au 137.9 MHz, bila nywila, kwa yeyote aliye chini. Programu ya SatDump ni ya bure, inakuambia itapita saa ngapi na inageuza mawimbi kuwa picha. Angalizo: maelekezo mengi mtandaoni bado yanataja NOAA 15, 18 na 19. Hizo zimezimwa 2025, usipoteze muda nazo. Kila mpito hauzidi robo saa, kwa hiyo uwe tayari kabla. Picha ikitoka na mistari myeusi mingi, kwanza angalia kiungo cha kebo, pili sogea mbali na taa za LED na chaja za simu, zinapiga kelele sana kwenye masafa hayo.

Ukishaweza hilo, kuna mtandao wa wazi unaitwa SatNOGS, watu wa kawaida wanaounganisha vituo vyao vya kupokea dunia nzima. Vingi viko Ulaya na Amerika. Satelaiti ya wanafunzi ikipita juu ya Tabora ikiwa na tatizo, mara nyingi hakuna anayeisikia mpaka ifike upande wa pili wa dunia. Wewe unaweza kuwa huyo anayeisikia.

Kadogoo_PCM

Dada asante sana, nimeandika yote daftarini. Kompyuta ipo moja kwa mwalimu wa fizikia, nitamwomba. Fito nitapata kwa fundi wa madirisha. Kebo na hicho kifaa ndiyo sijui.

Fundi_Mnara

Kijana, kebo usinunue, ninayo ya kutosha hapa nyumbani, na kifaa cha SDR ninacho kimoja nilikuwa nakitumia zamani. Mwambie mwalimu wako aniandikie PM atumie anwani ya shule, siyo yako. Vitakuja kwa basi. Nitaweka na karatasi ya namna ya kusoma ule waraka wa ITU, muusome pamoja na mwalimu mkishachoka na picha.